Shangazi nisaidie: wasichana watatu wameacha timu yangu na bibi yao hataki hata kuongea na mimi

Shangazi shikamoo,

Naandika saa sita usiku, nimetoka shifti na usingizi hauji, so ukiona nimeandika ovyo ovyo nisamehe.

Mimi Mkongo, kwetu Fizi, ila nimekulia kambini Nyarugusu pale Kasulu, niliingia nina miaka 4 nikatoka nina 19 ndo tukaletwa huku Australia. Sasa hivi nina 29. Niko mji mdogo kaskazini mwa Victoria, jina nauacha maana huku tunajuana wote mpaka mbwa wa jirani. Nafanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee. Kule kambini nilikuwa mtu wa mpira wa pete balaa, goli letu lilikuwa ringi ya baiskeli imepigiliwa kwenye mti, neti hakuna, mkianza kubishana kama mpira umepita katikati au pembeni jioni nzima inaisha. Kwahiyo kufika huku nakuta kila mji una viwanja vya pete vya lami na taa, viko pembeni ya uwanja wa mpira wao ule wa yai, Jumamosi watu wote wako pale, magari yamezunguka uwanja na goli likiingia wanapiga honi, yani nikasema hapa nimefika.

Mwaka jana klabu wakaniomba nifundishe wasichana chini ya miaka 13. Nikakubali fasta. Nina wasichana 10, watatu ni Waaborijini, wale wenyeji wenyewe wa nchi hii, wawili ni binamu na mmoja rafiki yao. Huyo mkubwa nitamwita Lulu, siyo jina lake. Shangazi huyo mtoto anacheza! Ana miaka 12 lakini anasoma mpira kabla haujatoka mkononi kwa mtu. Nilimpenda sana pengine ndo maana naumia hivi.

Sasa wameacha. Wote watatu. Mwezi wa sita walikuwa wanakuja, wa saba wakaanza kupungua, wa nane hakuna mtu. Meseji hawajibu.

Nikifikiria naona mambo kadhaa ila sijui lipi ndo lenyewe. La kwanza, Lulu alifiwa na mjomba wake, wakasafiri kwenda kuzika, wakakaa huko kama wiki mbili na zaidi. Klabu yetu ina sheria, hujaja mazoezi huanzi mechi. Aliporudi nikamweka benchi robo tatu za mechi maana sheria ni sheria na wazazi wengine walikuwa wananiangalia. La pili, kulikuwa na Jumamosi ya kuheshimu Waaborijini, klabu wakasema Lulu asome yale maneno ya kuwatambua wenye ardhi mbele ya watu wote kwenye maiki. Mi nikamwambia ni heshima mwanangu nenda. Akaenda chooni akajifungia, akatoka mechi inaanza. La tatu, siku hiyo hiyo kuna mzazi wa timu pinzani alipiga kelele za nyani kila Lulu akishika mpira. Niliisikia. Nikamwambia Lulu achana nao, hata mimi wananifanyia hivyo kazini, nimezoea, na wewe utazoea.

Kingine, sijui kama ni kosa, Lulu ni mweupe, nywele za dhahabu kabisa. Siku za mwanzo nilimuuliza we mbona mweupe hivyo, ni nusu? Mama ndo Muaborijini au baba? Niliuliza kwa utani tu si unajua sisi tulivyo. Akacheka.

Nilijitahidi shangazi. Hata bango la klabu la kutafuta wachezaji wapya tumemweka yeye, ile picha nzuri anacheka amekumbatiwa na mjomba wake ndo alikuwa anamleta kila Jumamosi, liko mlangoni kwenye kantini na kwenye Facebook mpaka leo.

Juzi nikakutana na bibi yake supamaketi, mji mzima wanamwita Anti. Nikamsalimia nikamuuliza wasichana wako wapi. Akaniambia, "Ulikuwa umesimama pale, ukasikia, ukanyamaza." Akasukuma toroli lake akaenda.

Shangazi nililia kwenye gari. Mimi ni mweusi kuliko wote hapo uwanjani! Mimi ni mkimbizi, najua kubaguliwa kulivyo, mimi ndo wa kuambiwa watoto wao hawako salama na mimi? Halafu mwenyekiti wa klabu ananiambia kuna pesa za serikali tunaweza kuomba, tuanzishe programu ya wasichana wa Kiaborijini na mimi niwe kiongozi wake "kwa sababu wewe utawaelewa". Nikubali? Niende kwa bibi nikaombe msamaha? Au niwaache tu?

Mwenye mawazo, Victoria

*

Marahaba mwanangu, na pole.

Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza nilikuonea huruma, mara ya pili nilikukasirikia, mara ya tatu nikajikumbuka mwenyewe, kwahiyo naanzia hapo.

Nikiwa shule Tanga nilikuwa nacheza pete na suruali ndani ya sketi na mtandio nimeufunga nyuma, na hakuna aliyeona ajabu maana nusu ya timu tulivaa hivyo. Siku moja tumeenda mashindano refa akasema mimi na mwenzangu tuvue suruali au tusicheze. Kocha wetu, mwanamke, wa Tanga, Muislamu, mtandio kichwani kama mimi, akaniambia si nusu saa tu vua mwanangu ucheze. Nikavua. Nilicheza nimebana mapaja kama nabeba yai, hatukufunga kitu, na sikurudi uwanjani tena mpaka leo nina miaka 50 na kitu. Refa nimeshamsahau hata sura. Kocha sijamsahau. Wala hakuwa mtu mbaya, alidhani kwa kuwa yeye ni mwenzangu basi akisema vua inakuwa nyepesi.

Wewe ndo yule kocha. Nakuambia ukweli kwa sababu umeniuliza.

Unaniuliza weusi wako hautoshi? Hautoshi. Na ukimbizi pia hautoshi. Unafanya kazi ya kutunza wazee, bila shaka kwenye semina zao umeshasikia hili neno usalama wa kiutamaduni, na naamini uliandika kwenye daftari ukasahau kama tulivyo wote. Neno hilo lina mwenyewe. Limetoka kwa wauguzi wa Kimaori New Zealand, miaka ya 1980 mwishoni, na aliyelipigania ni nesi mmoja anaitwa Irihapeti Ramsden. Wauguzi walikuwa wanafundishwa usalama wa kisheria, usalama wa kimaadili, usalama wa kazi ya tiba, wao wakauliza na usalama wa mgonjwa kama Mmaori uko wapi? Na jibu la Ramsden lilikuwa na kitu kimoja kigumu kumeza: anayesema kama huduma ni salama au siyo salama ni yule anayeipokea. Siyo nesi. Nesi anaweza kuwa na roho nzuri ya malaika, na mgonjwa akawa hayuko salama vilevile. Sasa toa nesi weka kocha. Bibi amekupa matokeo ya kipimo pale supamaketi na wewe unabishana na kipimo.

Tuanze na lile unalosema hujui kama ni kosa, maana mimi naona ndo kubwa kuliko yote na umelitaja kama la kupita tu.

"We ni nusu?"

Kwetu sisi hilo swali halina uzito, tunaulizana kabila sokoni, mtu anaitwa chotara mchana kweupe na maisha yanaendelea. Lakini hapo ulipo kuna historia. Hapo hapo Victoria mwaka 1886 ilipitishwa sheria iliyowagawa Waaborijini kwa kuhesabu damu, wale waliohesabiwa kuwa wa mchanganyiko wakafukuzwa kwenye makazi yao, ndugu huku ndugu kule, mtu haruhusiwi kurudi kuishi na watu wake kwa sababu karani ameandika ni nusu. Halafu ikaja ile ya kuchukua watoto. Kuanzia kama 1910 mpaka miaka ya 1970 serikali na wamisheni walikuwa wanachukua watoto wa Kiaborijini kwa mama zao, na waliolengwa zaidi ni watoto weupe weupe kama huyo Lulu wako, wakiamini hao wanaweza kugeuzwa wazungu. Ripoti ya taifa ilitoka 1997, waziri mkuu Kevin Rudd akaomba radhi bungeni tarehe 13 Februari 2008. 2008 mwanangu! Ulikuwa Nyarugusu unacheza na ringi ya baiskeli. Bibi yake Lulu kwa umri wake amekua wakati gari la serikali linaweza kusimama nje mtoto mweupe akafichwa.

Sasa mtoto ameulizwa na mtu mzima, mwenye filimbi shingoni na fomu mkononi, wewe ni nusu? Unasema alicheka. Watoto wanacheka wakikosa pa kuweka uso. Wewe mwenyewe umekulia kambini, unajua mtu wa ofisi anavyokuja na karatasi anahesabu watu kwenye mlango wa nyumba yenu, baba anaitwa jina limekosewa, na nyie mnatabasamu. Hilo tabasamu unalijua.

Na ndo maana hata fomu zenu za klabu ziangalie. Mzazi au mlezi, sahihi moja, nani anaishi na mtoto, anwani. Familia nyingine mtoto analelewa na bibi, shangazi, mama mkubwa, wote kwa pamoja kama kwetu tu, na wakiona maswali hayo wanajiuliza yanaenda kwa nani. Weka nafasi ya watu wanne watano wa kupigiwa simu na ueleze karatasi inakaa kabati gani na nani anaiona.

Haya, msiba. Hapa nilikukasirikia nisikufiche. Mkongo wewe! Matanga unayajua. Pale Nyarugusu mtu akifa nani alikuwa anathubutu kuja mlangoni kwenu siku ya tano kuuliza mbona hujaja mazoezi? Waaborijini wana msiba wao, unaita ukoo wote, unaweza kuchukua siku nyingi, watu wanasafiri mbali na hakuna mwenye hiari ya kukosa, mjomba kwao siyo ndugu wa pembeni, mara nyingi ni kama baba. Mtoto ametoka kumzika aliyekuwa anamleta uwanjani, amejikaza amerudi uwanjani huo huo bila yeye, na wewe ukamkalisha benchi robo tatu. Sheria ya "hujafanya mazoezi huanzi" imeandikwa na watu ambao msiba wao ni Alhamisi saa nane mpaka saa kumi. Ibadilisheni kwa wote, mtu mwenye msiba, awe nani, nafasi yake iko pale pale anaporudi. Utashangaa na wazungu wenyewe watashukuru.

Lile la maiki, hapo wengi wanakosea na wanakosea kwa nia njema kabisa. Watoto wa Kiaborijini wana neno la aibu wanalitumia tofauti na sisi, siyo aibu ya kufanya kosa, ni aibu ya kutolewa kwenye kundi ukasimamishwa peke yako watu wakuangalie, hata kama unasimamishwa kwa sifa. Na mtoto wa miaka 12 siye msemaji wa ardhi. Kumkaribisha mtu kwenye ardhi ni kazi ya wazee wa hapo, wanaombwa mapema, wanalipwa kwa muda wao. Yale maneno ya kuitambua ardhi anaweza kusoma mtu yeyote, kwahiyo angesoma mwenyekiti wako. Kwa nini hakusoma? Kwa sababu ilikuwa rahisi kumsukuma mtoto.

Na siyo klabu yenu tu. 2020 kwenye ligi kuu ya pete Australia kulikuwa na mchezaji mmoja tu Muaborijini ligi nzima, Jemma Mi Mi wa Queensland Firebirds. Ikaja raundi ya kuwaheshimu wenyeji, sura yake ikatumika kuitangaza, mechi yenyewe akakaa benchi mwanzo mpaka mwisho. Ilizua kelele nchi nzima. Sasa soma tena barua yako, bango sura ya nani, benchi nani.

Halafu kelele za nyani.

Hapa sina maneno mengi. "Nimezoea na wewe utazoea" ni kitu ulichojifunza ili ule, ili viza isitikisike, ili mama Fizi atumiwe pesa. Nakuelewa kabisa, na mimi nimeishi nchi za watu. Lakini wewe ulizoea ukiwa mtu mzima mgeni. Yeye yuko kwao. Mababu zake wako kwenye udongo huo kwa makumi ya maelfu ya miaka, halafu wewe mgeni unamfundisha kuvumilia matusi nyumbani kwake. Ukisikia tena unamuita refa hapo hapo, unamwambia mechi haiendelei mpaka yule mtu atoke, akikataa unawatoa watoto wako wote 10 uwanjani, wote siyo watatu, na jioni ile ile unaandika kwa ligi tarehe, saa, maneno gani, nani alisikia. Mtapoteza pointi. Poteza.

Unajua kuna kitu kilitokea 2022 nakipenda sana. Donnell Wallam, mwanamke wa Kinoongar kutoka Australia Magharibi, aliitwa timu ya taifa ya pete, Diamonds. Wa tatu tu kwa Waaborijini kuichezea timu hiyo, wa kwanza alikuwa Marcia Ella mwaka 1986, halafu Sharon Finnan-White. Timu imepata mdhamini mpya kampuni ya madini, dola milioni 15, shirikisho lina madeni pesa inahitajika kweli. Tatizo mwanzilishi wa kampuni hiyo, marehemu, mwaka 1984 alisema mbele ya kamera kwamba Waaborijini wawekewe dawa kwenye maji wasizae. Wallam akasema moyo wake hautulii kuvaa nembo ile. Msichana hajacheza hata mechi moja! Wenzake wangeweza kumwambia si nembo tu, vaa. Walisimama naye. Kampuni ikaondoka na pesa zake, watu mitandaoni wakawatukana wachezaji kwamba wamejiponza, na siku chache baadaye Wallam akaingia mechi yake ya kwanza na Uingereza, sekunde za mwisho akafunga goli la ushindi. Nikiliona lile goli mpaka leo nasikia baridi. Ila kinachonigusa zaidi ni wale wenzake kabla ya goli. Bibi alikuwa anataka hicho tu kutoka kwako na hakikuwa na gharama ya milioni 15.

Sasa programu. Mwambie mwenyekiti hapana. "Wewe utawaelewa" maana yake ni "wewe weusi wako utatufunika". Ukiwa kiongozi wa programu ambayo wenyewe hawajaiomba, ikifa itaandikwa kwamba wao hawakuja. Siyo mbali sana na huko, Shepparton, kuna klabu inaitwa Rumbalara, mpira wa yai na wa pete pamoja, ya Wayorta Yorta wenyewe, yani Waaborijini wa eneo hilo, iko kwenye ligi tangu 1997. Nakutajia hiyo uone mpangilio, wazee ndo wako juu na wasichana wanacheza bibi zao wakiwa pembeni, mchezo umeingia ndani ya ukoo, siyo watoto watatu kupachikwa kwenye klabu ya watu wengine. Na mji huo huo ndo serikali ilipowapeleka Wakongo wenzako kwa mpango maalum mwaka 2005, so tafuta wamama wa kule waulize wamejifunza nini kuishi na wenye ardhi, hizo stori za Kiswahili utazipata kwa chai.

Kama mwenyekiti ataleta ubishi mwambie hivi kwa upole: hii siyo hisani. Victoria ina viwango vya usalama wa watoto 11, vimeanza tarehe 1 Julai 2022, na cha kwanza kabisa kwenye orodha ni kwamba taasisi iweke mazingira salama kiutamaduni kwa watoto wa Kiaborijini. Kipo kisheria, na klabu za michezo za watoto zimo. Wengi wanajua ile kadi ya kuruhusiwa kufanya kazi na watoto wanadhani ndo mwisho. Mpelekee mwenyekiti aisome kamati nzima ikikaa, na kwenye kikao hicho muongelee msiba, maiki, fomu, na mtu wa kelele za nyani. Jezi pia mkipata muda, lile gauni la kubana wasichana wengi wa umri huo hawalipendi, Waaborijini na wasio Waaborijini, ulizeni ligi kama kaptura inaruhusiwa.

Sasa bibi. Nenda. Ila siyo kesho, na siyo na fomu, na siyo kuuliza wanarudi lini. Usipige hodi peke yako kama mtu wa serikali. Tafuta mtu anayemjua, kwenye miji hiyo mara nyingi kuna kituo cha afya cha Waaborijini wenyewe au mfanyakazi wa Kiaborijini shuleni, mwombe amuulize Anti kama yuko tayari kukuona, wapi, lini. Akisema hapana ndo jibu, unashukuru unasubiri. Akisema ndiyo muite Anti kama mji wote unavyomwita, usimwite jina lake, si ndo hivyo hivyo wewe unavyoniita mimi shangazi na mimi sikujui. Beba kitu cha kula. Kaa. Kimya kikija kiache kikae, usikijaze, sisi watu wa Kiswahili tuna ugonjwa wa kujaza kimya.

Na msamaha uwe mfupi. Nilisikia nikanyamaza, nilikosea. Nilimuuliza Lulu kama ni nusu, nilikosea. Nilimweka benchi katoka msibani, nilikosea. Basi. Usimwambie ulivyolia kwenye gari, usimwambie ya Nyarugusu siku hiyo, maana ukianza kusimulia mateso yako na yeye ni mama atakubembeleza, na hukwenda pale kubembelezwa. Siku nyingine kama mlango uko wazi ataiuliza mwenyewe, na hapo ndo utashangaa mna mangapi ya kuongea. Na Lulu usimbane kwa salamu za "tunakukumbuka uwanjani", mtoto hana deni. Wakirudi, warudi. Wakienda klabu ya watu wao na Lulu akaja kuwafunga goli 30, utapiga makofi.

La mwisho, na hili usisubiri kikao wala bibi. Umeniambia bango liko kwenye kantini na Facebook, Lulu amekumbatiwa na mjomba wake aliyekuwa anamleta. Kisha umeniambia amefiwa na mjomba. Sijui kama umeunganisha hizo sentensi mbili, mimi niliunganisha nikaweka simu chini. Kwa Waaborijini wengi picha ya marehemu haionyeshwi hivi hivi, familia nyingine hata jina halitajwi kwa muda, na hata kama familia hii haifuati hivyo, hakuna aliyewauliza. Kila Jumamosi waliyokuja mwezi ule wa saba walipita mlangoni hapo chini yake. Kesho ukitoka shifti pitia klabu, lishushe, likunje vizuri usilichane, na la Facebook lifute usiku huu huu kabla hujalala.

Shangazi